Ng'ombe wa Minza

Juzi mdogo wangu alikuwa akisoma Kiingereza kwa sauti, na alipofika kwenye neno "but" nilimkumbuka Minza, niliyekaa naye dawati moja kule Mwamapalala.

Mchana ule upepo ulileta darasani harufu ya dawa ya pamba, na kwa mbali kengele za ng'ombe zililia. Mwalimu alitaka kila mmoja atunge sentensi yenye "but" au "although". Minza, aliyetuzidi wote kimo, alisimama taratibu.

"Mimi nataka kuja shule kesho, but baba amepokea ng'ombe."

Tulicheka hadi madawati yakatikisika. "Hicho Kiingereza cha wapi, wewe?" mmoja alipiga kelele.

Mwalimu hakucheka. "Ng'ombe wa nini, Minza?"

"Wameletwa jana, mwalimu. Kwa ajili yangu."

Nilimwonea wivu. Kwetu hakuna mtoto aliyewahi kupewa hata ndama, naye kapewa kundi zima. Sikujua kwamba ilikuwa mahari. Mwalimu alifunga kitabu, akamshika Minza mkono, wakaondoka kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mimi nilidhani wanakwenda kuwatazama hao ng'ombe.

Siku kadhaa nilikaa peke yangu kwenye dawati. Kisha Minza alirudi, macho yamevimba, akaniambia kwamba ng'ombe wote wamerudishwa walikotoka.

"Pole sana, dada," nilimwambia, kwa huruma ya kweli kabisa.

Alinitazama, akaangua kicheko, akanisukuma kwa bega nisogee apate kukaa.