Benchi Halitakiwi Kuwa Tupu

Wiki ya kwanza tu ofisini walishampa jina la Bi Karibu, na hawakumpa kwa mapenzi. Kila aliyeingia mlangoni, awe mteja, fundi wa umeme au mfanyakazi mwenzake anayetoka msalani, yeye aliinuka, akatabasamu na kusema, "Karibu." Hakukusudia. Utu uzima wake wote alikuwa ameumalizia katika duka la viatu, na dukani mguu ukikanyaga kizingiti nawe bado umekaa, mwenye duka anakutazama mpaka unajiona kama umevuliwa nguo. Mkuu wa kitengo, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba sukari, alikaribishwa asubuhi moja kila alipopita, mpaka akasimama mbele ya meza yake.

"Mama, kwani unaniuzia nini?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Bi Karibu naye akacheka kwa adabu, huku moyoni akimpima yule bwana kuanzia chini, kama alivyozoea kupima watu: viatu vya bei, soli imelika upande mmoja, kiwi imepakwa mbele na kusahauliwa nyuma. Mtu anayejali aonekane vipi akija, basi. Akiondoka, shauri lenu.

Ni haki kusema kwamba dharau hiyo hakuiokota ofisini. Alikuja nayo. Mtu aliyepiga magoti mbele ya miguu ya watu miaka nenda miaka rudi hawezi kuwaheshimu sana wenye miguu. Alikwisha kuwaona mabibi waliojikwatua wakivua viatu na kuonyesha vidole vilivyochungulia kwenye soksi. Alikwisha kuwaona waume wazima wakisukuma mguu mpana ndani ya kiatu chembamba, kisha wakamgombeza yeye kwa ubaya wa kiatu. Dukani alisifika kwa wepesi, na wateja walidhani ule wepesi ni ukarimu. Kumbe aliwahudumia upesi ili wamtoke mbele ya macho.

Kilichomwondoa huko ni miguu yake mwenyewe. Mishipa ilivimba nyuma ya magoti ikajisokota, na daktari akamwambia bila kuzungukazunguka kwamba akiendelea kusimama kutwa, itafika siku hatasimama kabisa. Ndipo mjomba wake, mstaafu wa ofisi ya maji ambaye bado alikuwa na watu wake kule, akamtafutia nafasi. Cheti cha ukarani alikuwa nacho. Alikisomea jioni jioni akakifungia kabatini.

"Utaanza kwa majaribio," mjomba alimwambia. "Wakiridhika nawe watakuthibitisha. Wasiporidhika, usije kwangu tena, mwanangu. Mimi sina mlango mwingine wa kubisha."

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu. Athibitishwe akae kwenye kiti mpaka uzeeni, au arudi kusimama mpaka miguu imkatae.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuwaunganishia watu maji. Mtu amejenga nyumba yake, anataka bomba. Anafunguliwa faili, fundi anakwenda kupima, faili linarudi, linagongwa muhuri, linapanda ghorofa ya juu kwa wahandisi. Kwa maelezo ya Mkuu, kazi hii ilidai weledi, uvumilivu na ushirikishwaji wa wadau. Kwa macho ya Bi Karibu ilidai mtu wa kunyoosha mkono mpaka kwenye rafu.

Lakini mikono pale ilikuwa na shughuli nyingine. Palikuwa na bibi mmoja aliyefika asubuhi, akafungua kompyuta, akaitazama kwa huzuni kama anayetazama picha ya marehemu, na kuifunga jioni. Palikuwa na Bwana Karatasi, ambaye kutwa alitembea ukumbini ameshika karatasi moja. Karatasi ile ilikuwa imechakaa pembeni kwa kushikwa. Bi Karibu alipomwuliza ina habari gani, yule bwana akamvutia pembeni kama mtu anayemgawia ndugu yake urithi.

"Dada, nisikilize. Ukitembea mikono mitupu, watu wanakuuliza maswali. Ukishika karatasi, wanakupisha njia."

"Na kazi inafanywa saa ngapi?"

"Si ndiyo hii?"

Bi Karibu akarudi kwenye kiti chake akiwa na dharau safi, ile inayompa mtu nguvu. Dukani, kwa ubaya wake wote, mtu mvivu alijulikana kabla ya saa ya chakula. Hapa uvivu ulikuwa na vyeo.

Nje ya dirisha lao la huduma palikuwa na benchi refu la mbao, na watu walioketi hapo waliketi kwa namna ya watu wasiotarajia lolote. Wengine walikuja na vitafunio. Bi Karibu alipowekwa dirishani alifanya lile alilolijua. Aliita, akasikiliza, akanyoosha mkono kwenye rafu, akagonga muhuri, akasema kwaheri. Hakuwapenda. Walikuwa wanaongea sana, na kila mmoja alianza habari ya bomba lake tangu siku aliponunua kiwanja. Ila benchi lilizidi kupungua, na kabla ya saa ya chakula likabaki ubao mtupu.

Mkuu alipotoka ofisini kwake alisimama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Watu wako wapi?"

"Wamekwisha, mzee."

"Wamekwisha vipi?"

"Nimewahudumia."

Mkuu akatazama kulia na kushoto, akamwita ndani, akafunga mlango. Hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali. Alimweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jiko haliguswi. Mwisho wa mwezi watu wa makao makuu wangekuja kuangalia kila kitengo kina mzigo gani wa kazi, wajue nani abaki na nani apunguzwe. Wakikuta watu nje, wataandika kwamba kitengo kimelemewa. Wakikuta ubao, je?

"Mama, benchi hilo ndilo linalotulisha hapa. Asubuhi hudumia, sikukatazi. Ikishafika saa ya chai, mtandao unasumbua. Umenielewa?"

"Lakini mtandao hausumbui, mzee."

"Utasumbua," Mkuu akasema. Kisha akaongeza, akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango, "Na wewe bado uko kwenye majaribio, au sivyo?"

Alitoka mle na karaha, si woga. Jioni alimsimulia mjomba kwa simu, akitumaini naye atachukizwa. Mjomba akacheka mpaka akakohoa.

"Hilo benchi bado lipo? Tuliliagiza sisi hilo."

Basi akajifunza. Siku za kwanza neno "mtandao" alilitamka akiangalia ukuta. Baadaye akaweza kuangalia vipaji vya nyuso. Mwishoni aliweza kuwaangalia machoni, tena akiongeza na pole. Haikuwa ngumu kama alivyodhani, na hilo ndilo lililomchukiza. Aliwadharau wenzake kwa jinsi walivyokaa, na huku mgongo wake mwenyewe ulishaanza kujua mahali pa kuegemea kitini. Miguu ilipungua uvimbe. Wakiingia watu, hakuinuka tena.

Siku ya watu wa makao makuu, Mkuu alipita mapema meza kwa meza, amevaa tai. "Leo benchi lisipungue," akasema, basi. Bwana Karatasi alikuja na karatasi mpya.

Wa kwanza kuketi benchini asubuhi hiyo alikuwa Kisigino. Huyu walifanya kazi pamoja katika duka la viatu, goti kwa goti, na jina alilipata kwa sababu, muuza viatu mzima, alivaa vyake kwa kukanyaga nyuma. Hakungoja kuitwa. Aliweka viwiko dirishani.

"Shoga yangu, ona ulivyonenepa mashavu. Kiti kinakupenda."

"Acha maneno yako. Umefuata nini?"

"Maji, si nini kingine. Kile kibanda changu si kimeisha? Fundi wenu amepima, nimeambiwa faili limebaki muhuri tu, lipande juu. Wahandisi kesho wanaondoka kwenda kazi za nje, sijui watarudi lini. Nimeomba ruhusa mpaka saa sita, na unamjua yule mwenye duka."

Bi Karibu alimjua. Faili pia alikuwa amekwisha kuliona. Lilikuwa kwenye rafu ya kati, mkono ungelifikia bila yeye kuinuka. Muhuri ulikuwa mbele yake. Nyuma yake Mkuu alikuwa anazunguka, anakohoa, anapanga mito ya viti vya wageni.

"Kaa kidogo," akamwambia.

"Kidogo cha wapi? Cha dukani au cha serikali?"

"Kaa, nitakuita."

Kisigino akakaa. Wageni wakachelewa, kama wageni wa namna hiyo wachelewavyo. Benchi likajaa, wengine wakasimama. Kisigino aliwapa watu hadithi, akawachekesha, akamshikia mama mmoja mtoto. Kila Bi Karibu alipoinua macho, alikuta mwenzake anamtazama na kuinua nyusi, kwa utani, halafu kwa kuuliza, halafu bila utani wowote. Saa sita ikapita. Hakuondoka. Bi Karibu akajiambia kwamba wageni wakishapita tu atalichukua lile faili alipandishe mwenyewe. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara alilipanga upya lile rundo la mafaili mezani, ambalo halikuhitaji kupangwa.

Wageni waliingia wakiwa wameshiba. Walitembea polepole, wakachungulia dirishani, wakaona umati.

"Mna mzigo mkubwa hapa," mmoja wao akasema.

"Tunajitahidi," Mkuu akajibu, akiinamisha kichwa kama mfiwa. "Na huyu mama bado yuko kwenye majaribio. Ndio kwanza tunaomba tumthibitishe."

Hapo hapo Kisigino akafika dirishani. Hakuwa mjinga, aliwaona wageni, akawa na sauti ya chini.

"Shoga, nisaidie. Nimeshachelewa, lakini angalau nirudi na jibu."

Bi Karibu alihisi watu watatu au wanne wakipumua nyuma ya shingo yake.

"Mtandao unasumbua," akasema.

Kisigino akautazama muhuri uliokuwa mezani, kipande cha mbao chenye mpini.

"Huo nao unatumia mtandao?"

Benchi zima likacheka. Mgeni mmoja pia akatabasamu, bila kujua kilichochekwa. Mkuu hakucheka.

"Njoo siku nyingine utakapokuwa na nafasi," Bi Karibu akasema, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kisigino alimtazama, si kwa hasira. Alimtazama kwa makini, kama mtu anayegeuza kitu kuona upande wa chini. Kisha akachukua mkoba wake, akamrudishia yule mama mtoto, akateremka ngazi.

Wageni walipoondoka, Bi Karibu aliligonga faili lile muhuri, sekunde haikupita, akalipandisha mwenyewe ghorofa ya juu, akipumzika kila baada ya ngazi chache. Wahandisi walikuwa bado wapo. Wakalipokea. Aliporudi, Mkuu alikuwa amelegeza tai, anasubiri mezani kwake.

"Umeanza kuielewa kazi, mama. Uthibitisho wako hauna shaka sasa."

"Nashukuru, mzee," akasema, na kweli alishukuru, na akajidharau kwa kushukuru kwelikweli. Alikuwa amewaweka watu wale wote upande mmoja na nafsi yake upande mwingine, na sasa ule mpaka kati yao hakuuona ulipo.

Akamsubiri Mkuu atoke. Akapiga simu.

"Faili lako limepanda," akasema haraka. "Nimelipeleka mimi mwenyewe. Watalishughulikia kabla hawajasafiri. Pale dirishani nisingeweza, uliona mwenyewe."

Upande wa pili sauti za duka zilisikika kwa mbali, maboksi yakiwekwa chini. Kisha Kisigino akajibu, na sauti ilikuwa tamu, laini, imenyooka, yenye heshima zote. Bi Karibu aliitambua kabla neno la kwanza halijaisha. Walikuwa wameitumia pamoja miaka yote ile, kwa wale wateja ambao wakishageuka mgongo mtu anawakunjia uso.

"Ahsante sana, mama. Tumeshukuru mno. Mungu akuzidishie."

"Kisigino, ni mimi."

"Ndiyo, mama. Ubarikiwe."

Simu ikakatwa. Bwana Karatasi, aliyekuwa anapita, akasimama kando ya meza.

"Nani huyo?"

Bi Karibu akaiweka simu ndani ya droo.

"Mteja," akasema.