Mskoti Aliyedaka Bila Glavu

Vidole vya yule mzee wa Kiskoti vilikuwa vimepinda, kila kimoja upande wake, kama tangawizi. Nilivijua kabla sijajua alikuwa nani, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kumwogesha. Siku ya kwanza nilipomsugua mikono nilidhani ni baridi yabisi, nikamwuliza kama naviumiza. Akacheka.

"Hiki ni kiatu cha mshambuliaji mmoja wa Glasgow," akasema, akiinua kidole cha shahada. "Hiki ni mwamba wa goli. Hiki sikumbuki, mvua ilikuwa kubwa. Siku zile tulidaka mikono mitupu, binti."

Aliniita binti, mimi mwenye wajukuu. Mimi nilimwita Mzee, na nilipomweleza maana yake alilipenda, akataka kila mtu amwite hivyo.

Nyumba ile ya wazee ilikuwa Seven Hills, magharibi mwa Sydney, Australia, nami nilikuwa naishi Lidcombe, nikienda na kurudi kwa treni. Kwetu ni Tanga. Mpira sikuwa naujua; nyumbani kaka zangu waliuzungumza huku mimi nikiondoa sahani. Lakini mtu ukimwogesha kila asubuhi, hadithi zake zinakuingia. Baba yake alichimba makaa ya mawe, naye mwenyewe aliteremka mgodini angali kijana, akidakia timu ya wachimbaji kila Jumamosi. Klabu kubwa ikamwona, ikamchukua, ikamweka kipa wa akiba. Hapo akakaa miaka. Kipa wa kwanza alikuwa na afya ya punda. Hakuumwa hata mafua. Halafu siku moja akavunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, na Mzee akapata msimu mmoja wa kusimama langoni mbele ya uwanja uliojaa. Penalti aliyoidaka msimu ule alinisimulia mara nyingi, na kila mara aliruka kidogo kitini, maji yakanimwagikia. Mtulinga ulipopona, kipa wa kwanza akarudi langoni kwake, na Mzee akarudi akiba.

"Hukusikitika?" nilimwuliza.

"Nilisikitika miaka mitatu. Mke wangu akachoka kunisikiliza, akasema tuhame nchi."

Wakaja Sydney kwa meli. Siku za kazi alikuwa kiwandani, Jumapili akidakia timu ya wahamiaji, mpaka magoti yalipokataa. Mwanawe wa kiume hakuupenda mpira. Binti yake aliupenda, basi akamfundisha yeye udakaji, nyuma ya nyumba yao Penrith, miaka ambayo watu waliwashangaa wasichana wenye viatu vya mpira.

Binti huyo alikuwa akija kila Jumapili. Korona ilipokaza mwaka wake wa pili na mji ukafungwa tena, hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nje ya dirisha, akaweka kiganja kwenye kioo, akasema maneno ambayo baba yake, mwenye masikio mazito, hakuyasikia. Simu nayo ilikuwa inamchanganya. Mzee alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesalimiwa na mgeni, na binti alipoondoka akageuzia uso ukutani.

Katika miezi hiyo mama yangu akafariki Tanga. Mipaka ilikuwa imefungwa, safari haikuwepo. Kaka yangu alinipigia video, ameinua simu juu ya vichwa vya watu. Niliona kofia, nikaona mgongo wa mjomba, nikaona jeneza likitolewa mlangoni, kisha picha ikaganda. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo kaburi sikulilia. Nililia kwamba haikuwa mikono yangu iliyomwosha. Mimi ninayeosha wazazi wa watu, wangu alioshwa na majirani.

Kesho yake nilikwenda kazini. Nilivaa barakoa, nikavaa ngao ya uso, nikafurahi kwamba hakuna atakayeniona.

"Binti, maji ya moto," Mzee akasema.

Nilikuwa nimesahau kuyapima. Nikaomba radhi, nikafunga bomba, nikashindwa kulifungua tena. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia.

"Mama yangu alifariki mimi niko huku," akasema. "Habari ilinifikia keshazikwa."

"Ukafanya nini?"

"Nilidaka Jumapili ile. Nikafungwa manne, yote ya kijinga. Hakuna aliyenilaumu hata mmoja, na hilo ndilo lililonivunja." Akaniashiria kiti. "Kaa. Leo sitanuka sana. Niambie alikuwa anapika nini."

Nikakaa. Nikamweleza wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikamweleza mama alivyokuwa akionja mchuzi kwa kumimina tone kiganjani, na jinsi alivyotukaripia tukifungua sufuria kabla ya wakati. Muuguzi alipita, akatutazama, akaufunga mlango taratibu.

Wiki chache baadaye niligundua kwamba uzio wa bustani yetu ulikuwa mfupi. Upande wa pili ni njia ya watu, na njia haikuwa yetu kuikataza. Nikamwambia binti yake. Jumapili alikuja, akasimama njiani, mbali kama walivyotaka wakubwa, nami nikamtoa Mzee kwa kiti chake cha magurudumu hadi kwenye majani.

Walitazamana. Kusikilizana bado ilikuwa shida. Ndipo binti akatoa mpira wa tenisi mfukoni, akauonyesha juu.

Mzee akakaa sawa. Akatoa mikono chini ya blanketi.

"Ngoja!" nikasema. Sheria ilikuwa kutogusa kitu kimoja watu wawili. Nikakimbia ndani nikaleta vitambaa vya dawa, nikasimama katikati. Binti alinirushia, nikaufuta, nikamrushia Mzee. Mzee akaudaka. Akanirudishia, nikaufuta, nikamrushia binti. Mara ya kwanza niliurusha vibaya, ukaenda kombo, na Mzee akajinyoosha mpaka kiti kikainama, akaunasa kwa vile vidole.

"Baba!" binti akapiga kelele, na hiyo Mzee aliisikia.

Meneja alitoka mlangoni. Alitutazama kwa muda, nikajua yamekwisha. Akaingia ndani, akarudi na pakiti nyingine ya vitambaa, akaiweka kwenye benchi karibu nami.

Korona haikumpata. Moyo wake ndio uliochoka, majira ya baridi yakielekea mwisho. Siku za mwisho binti aliruhusiwa kuingia, amefunikwa joho la plastiki mwili mzima, akamshika mikono hadi alipokata roho. Mimi na mwenzangu Mkongomani tulimwosha baada ya hapo, polepole kuliko siku zote.

Binti alinipigia simu. "Kaka yangu yuko Perth, na mpaka wa jimbo lao umefungwa. Wanaoruhusiwa kumzika ni wachache, na nafasi yake iko wazi. Njoo wewe."

Nilisita, nikampigia dada yangu Tanga. "Wewe nenda," akasema. "Amekuita mfiwa, utamkatalia?"

Makaburi yako karibu na Lidcombe, nikaenda kwa miguu. Tulisimama mbali mbali, watu tusiofika hata kujaza safu mbili. Kuimba kulikatazwa. Nilikuwa sijawahi kusimama kando ya kaburi, nikatazama wengine wanafanyaje, na zamu yangu ilipofika nikatia udongo, nikamwombea kwa maneno ya kwetu, kimoyomoyo.

Tulipokuwa tukirudi kuelekea magari, binti akapunguza mwendo ili tulingane, nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Baba aliniambia kuhusu mama yako," akasema. "Lakini jina lake hakulijua."

Nikamtajia. Alijaribu, akakosea, akaniomba nirudie. Akalisema tena na tena chini ya barakoa, mpaka likamkaa sawa mdomoni.