Maji ya Moto na Mtoto wa Zimwi

Hasira zangu zina mbio kuliko miguu yangu, na walionizoea wanajua. Siku moja binti wa marehemu mdogo wangu wa kike alirudi kutoka skuli na habari kwamba amempiga mwenzake mpaka mdomo umepasuka. Nami, bila ya kuuliza kisa, nikamwambia, "Damu ya baba yako hiyo."

Baba yake yumo jela kwa kumchoma mtu kisu. Mtoto nilimchukua ana miaka mitano, na sasa alikuwa na kumi na sita. Aliingia chumbani kunichapia riwaya yangu, kazi aliyonifanyia kila alasiri, maana mwandiko wangu anauweza yeye tu.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya mazimwi. Mjane wa Kidichi anaokota kitoto cha zimwi chini ya mikarafuu, anakilea kwa uji na maziwa. Kinakua, kinamtii, kinamchotea maji. Sura ya mwisho kinamla. Nilijivunia sana mwisho ule. Zimwi ni zimwi, nilikuwa nikisema, na msomaji hataki kudanganywa.

Siku ya tatu nikaliona begi lake mlangoni, limefungwa. Akaniambia anakwenda kukaa Bububu, kwa bibi yake mzaa baba.

"Kitabu nshakichapa," akasema. "Umebaki ukurasa wa mwisho. Ule siuchapi."

Moyo ulinipasuka, lakini nilijifanya sina habari. Nilikuwa uani na sufuria ya muhogo, nataka kuuchuja. Nikasema kama nisemavyo siku zote, "Bismillahi, pisheni," nikamwaga maji ya moto karoni. Ndivyo alivyonifunza mama yangu: maji ya moto hayamwagwi kimyakimya, usije ukamuunguza jini na wanawe.

"Mama mkubwa, hao unaowaambia wapishe, ushawahi kuwaona?"

"Sijawaona."

"Unajua kama ni wema?"

"Wamo wema na wamo wabaya, kama sisi. Wana akili zao, wanachagua wenyewe. Hata dini wanazo."

"Na yule wa kitabuni je? Kakaa kwa yule mama miaka kumi na moja. Mbona yeye hukumwachia achague?"

Miaka kumi na moja niliiandika kwa mkono wangu, na sikuwahi kujiuliza nimeitoa wapi. Niliona haya, haya hasa. Majini nisiowajua nawatahadharisha kila siku, na huyu niliyemlea nimemmwagia maji ya moto bila hata ya kusema pisha.

Nikaiweka sufuria chini. Nikamuuliza nililotakiwa kuuliza tangu siku ya kwanza.

"Yule mwenzio alikufanya nini?"

"Alinambia maneno yale yale uliyonambia wewe," akasema. "Yeye nilimpiga."

Nilimwomba radhi pale pale, machozi yananitoka mbele ya mtoto. Alichukua sahani, akapakua muhogo, akanitengea na mimi.

Begi sikuligusa. Lilikaa mlangoni mpaka baada ya Magharibi, ndipo akalifungua mwenyewe.