Harusi Kumi na Moja na Diski Mpya

Fundi huyu aliishia kidato cha pili, na mwenyewe husema si yeye aliyeishiwa, ni walimu. Kazi yake ni kompyuta. Ukimwita Profesa anaitika. Ukimwita kwa jina lake anageuka nyuma kuona nani kaitwa.

Alhamisi asubuhi aliitwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye studio ya picha. Kompyuta ya studio, ya Linux, ile ya kuandikiwa amri, ilikuwa imejaa pomoni. Haipokei hata picha ya pasipoti. Ndani ya folda ya picha mlikuwa na harusi kumi na moja ambazo wenyewe hawajazichukua. Nakala nyingine haikuwepo popote, na bibi harusi wa kwanza alikuwa anakuja saa sita.

"Profesa, usije ukaniharibia."

"Shemeji, mimi nimeongeza diski hospitali nzima, wagonjwa wamelala."

Hospitali ilikuwa zahanati, na diski ilikuwa flashi.

Akafungua kasha, akafunga diski mpya, akaifomati, yaani kuifuta yote ianze upya. Kwanza aliangalia mara tatu kama ni yenyewe, maana ujinga anao lakini si wa kiwango hicho. Kisha kwa amri akaipachika moja kwa moja kwenye folda ya picha, nafasi iongezeke palepale. Akaifungua folda. Nyeupe pe.

Shemeji akavuta stuli, akakaa.

"Harusi ziko wapi?"

"Zinajipanga."

"Profesa, dada yangu alikuwa na wachumba watatu. Mmoja rubani."

Jasho lilimshuka Profesa hadi kwenye soksi. Ndipo akili ikamrudia: ukitandika mkeka mpya juu ya wa zamani, wa zamani haujaenda kokote. Akaandika amri ya kuibandua diski, na harusi zote zikatokea, na keki zao.

Safari hii akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Akaipachika diski pembeni, kwenye folda tupu, akanakili picha zote, akazihesabu huku na kule mpaka zikalingana. Ndipo akaihamishia mahali pa folda ya zamani. Picha za kwenye diski ya zamani shemeji akakataza zisifutwe.

"Zilikuwa wapi?" akauliza.

"Palepale. Zilifunikwa."

"Na nani?"

"Na diski."

Saa sita bibi harusi akafika, akazipitia picha mia nne, shemeji amesimama nyuma yake hapumui.

"Mbona hizi nimefumba macho?"

"Hizo nazo zipo," shemeji akajibu. "Zote zipo."