Karatasi ya mbao iliyoacha kusalimia

Leo nimeambiwa mfumo wangu hauna adabu.

Mfumo wenyewe ni wa kiwanda cha mbao hapa Mafinga, ndio unaochapa karatasi za malori kutoka getini. Jana ulikuwa unakwama, nikawasha ufuatiliaji kwenye prosija, zile programu ndogo za ndani ya kanzidata. Yaani kila hatua ikipita, inaandika ujumbe mfupi nijue imefika wapi.

Wenzangu huandika "hatua ya kwanza".
Mimi nimelelewa na bibi Mbena, kwake huingii ndani kimya kimya. Nikaandika kwa salamu ya kwao: "Kamwene. Nimefika kwenye kuhesabu mbao."

Kosa nikalipata. Kuzima nikasahau.

Asubuhi Mama Tumaini, karani wa getini, akanipigia.
"Mwanangu, karatasi ya lori imetoka na salamu chini."

Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza. Nikazima mbio, nikaagiza chai.

Chai haijapoa, simu tena. Lori la pili limegoma kutoka. Dereva kaona karatasi ya mwenzake aliyetangulia ina salamu, yake haina. Anasema hii ni feki, hawezi kwenda nayo barabarani akakamatwe na mbao za watu.

Nikamwambia Mama Tumaini amweleze kwamba nimezima mimi.
Akanijibu:
"Na mimi nilitaka kukuuliza. Tumekukosea nini?"

Nimewasha tena. Lori limeondoka.

Sasa nyie mafundi wa mifumo, hebu nisaidieni. Mnazimaje kitu ambacho kimeshasalimiana na watu?