Bibi Namba na Safu ya Chini

Alizaliwa mwaka 1938, mtoto wa nne wa seremala, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ukuta wa kanisa. Alibatizwa siku ya kumi na mbili. Hakuna ishara iliyoonekana siku hiyo, na hatutamtungia. Sisi Walutheri hatuwaombi watakatifu. Tunawakumbuka ili tumshukuru Mungu kwa ajili yao, na kumbukumbu iliyotiwa chumvi ni shukrani ya uongo. Yaliyoandikwa hapa ni yale walioishi naye waliyoyaona kwa macho yao.

Baada ya kipaimara aliajiriwa katika kiwanda cha chapa, akawa mpanga herufi. Kazi hiyo hufanywa kinyume: herufi za madini ya risasi husimamishwa kichwa chini, na mstari unaosomwa kwanza hukaa chini, wa pili ukapanda juu yake. Aliifanya kwa miaka thelathini na mbili, mpaka vidole vyake vikawa vinajua kazi kuliko yeye mwenyewe.

Wito wake ulikuja mwaka 1963, tena kwa njia isiyo na fahari yoyote. Aliyekuwa akitundika namba za nyimbo ubaoni alikuwa ametundika 69 mahali pa 96, mwinjilisti akachoka. "Wewe si unashinda na namba kiwandani?" akamwuliza. "Njoo utuokoe." Akaja, na tangu siku hiyo hakuna tisa iliyogeuka sita. Watoto wakamwita Shangazi Namba, na watoto wao wakamwita Bibi Namba.

Wiki ya usharika ilikwenda hivi. Jumatatu walikutana wazee wa kanisa, Jumatano kwaya, Alhamisi jumuiya za nyumbani. Ijumaa mchungaji aliandika nyimbo tatu za Jumapili kwenye kikaratasi. Jumamosi saa nane mchana akina mama walipiga deki na kubadilisha maua ya madhabahuni, naye alifungua sanduku la vibao vya namba, akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa chenye unyevu, akavitundika. Kabla ya kutundika aliimba ubeti wa kwanza wa wimbo wenyewe kwa sauti ya chini. Alisema namba ambayo haijaimbwa bado haijahakikiwa.

Jaribu lake lilianza mwaka 1987, kilipoletwa kitabu kipya cha nyimbo. Nyimbo zilikuwa karibu zilezile, ila namba zote zilibadilika. Wengi walipata kitabu kipya; wazee kumi na mmoja walibaki na cha zamani, kwa kuwa katika kurasa zake tupu waliandika ndoa zao, wana wao na wafu wao. Mmoja wao alikuwa mwashi, mjane, ambaye hakujua kusoma herufi hata moja. Namba alizijua, kwa sababu ya futi yake ya kupimia. Mkewe alimfundisha nyimbo kwa kumtajia namba, na alipofariki alimwachia kitabu. Kinanda peke yake hakikumsaidia, maana sauti moja hubeba nyimbo nne au tano. Bila namba alisimama mdomo wazi kama mgeni. Kwa ajili ya watu hao Bibi Namba aliongeza ubaoni safu ya pili: juu namba mpya, chini namba za zamani.

Miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Kisha Jumamosi moja alikwenda kanisani akiwa na homa kali. Akili ilipochoka, mikono ilirudi kiwandani: aliuweka mstari wa kwanza chini na wa pili juu, namba za zamani zikakaa mahali pa mpya. Asubuhi yake kulikuwa na ubatizo. Kwaya, iliyokuwa na kikaratasi, ikaanza wimbo wa ubatizo. Usharika ukasoma safu ya juu, ukafungua kitabu kipya, ukakuta wimbo wa mazishi. Na kwa kuwa nyimbo hizo mbili zina sauti moja, hakuna aliyeshtuka. Ubeti mzima ukaimbwa mbele ya yule mtoto, nusu ya kanisa ikimpokea na nusu ikimsindikiza kaburini. Bibi wa mtoto ndiye aliyesimama akapiga kelele: "Jamani, mtoto anapumua!"

Jumatatu baraza la wazee lilimwita. Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa kijana na msomi, alisema mkosaji si mama bali safu ya pili. "Kumi na mmoja wanatuvuruga watu mia tatu. Wanunue vitabu vipya, yaishe." Mchungaji akakubaliana naye. Wakamwambia aendelee na kazi yake, ila kwa safu moja tu.

"Kosa ni langu peke yangu," alijibu. "Niondoeni mimi. Safu ya chini iacheni."

"Mama, sisi tunataka kinyume chake," mchungaji akasema.

"Basi nipeni ufagio," akasema, akauweka ufunguo wa sanduku mezani.

Hakunung'unika, wala hakuhama usharika, ingawa walikuwapo waliomchochea. Jumamosi alipiga deki pamoja na wenzake, akinyanyua macho kusoma namba mpya alizotundika mwalimu, akazigeuza kichwani kuwa za zamani, kisha akazunguka nyumba kwa nyumba kuwapelekea wale wazee. Nyumbani kwa mwashi alikuta mlango umefungwa Jumamosi tatu mfululizo, na Jumapili hakumwona kanisani. Akamfuata kazini. Siku hizo mwashi alikuwa akijenga nyumba mpya ya mchungaji.

"Shemeji, umehama kanisa?"

"Ubao ndio ulionihama mimi. Nisimame pale nikitafuna hewa? Marehemu angenicheka."

"Marehemu angekucharaza. Nipe mkaa."

Akaandika namba tatu kwenye tofali la ukuta wa ndani, mwashi akazitazama mpaka zikamwingia. Jumapili alikuwapo, kitabu cha mkewe kimefunguka mikononi mahali panapostahili. Jumamosi iliyofuata Bibi Namba akaja tena, na nyingine tena, kwenye jua na kwenye matope, miezi kumi na minne. Wala hakumweleza mtu, maana aliona ni kazi kama kazi nyingine.

Siku moja kabla ya lipu mchungaji alikwenda kukagua nyumba yake. Alikuta ukuta mzima wa sebule umejaa namba za mkaa, tatu tatu, safu baada ya safu, zimenyooka kama ukurasa uliochapwa.

"Hivi ni vipimo gani, fundi?"

"Si vipimo, Mchungaji. Ni ibada zako hizo. Ya kwanza ile pale mlangoni, ya juzi hii hapa."

"Nani kaandika?"

"Mliyemnyang'anya ubao." Kisha akaongeza: "Mimi shule niliiona kwa nje. Ila hizi nikiziona, namsikia mke wangu."

Mchungaji alihesabu mistari hiyo akakuta sitini. Jumatatu, mbele ya baraza lilelile, alisema maneno yanayokumbukwa mpaka leo: "Mimi nimehubiri Jumapili hizo zote sitini, na sikujua kwamba mtu mmoja alikuwa akiletwa kwa mkaa." Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeupeleka ufunguo nyumbani kwa Bibi Namba. Alipokewa kwa chai na hakusimangwa. Bibi Namba alirudisha safu ya chini, akavipaka vibao vya safu hiyo rangi nyekundu, ili mikono yake isipate tena nafasi ya kusahau. Ukuta wa sebule ya mchungaji haukupigwa lipu. Wachungaji watatu wameishi humo baada yake, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Bibi Namba alifariki Jumamosi moja ya mwaka 2006, saa kumi jioni. Akina mama waliokuwa wakipiga deki walimkuta ameketi benchi la tatu, kitambaa chenye unyevu mkononi, ubao umekwisha pangwa. Wapo wanaosimulia kwamba namba ya mwisho aliyoitundika ilikuwa ya wimbo wa mazishi, kana kwamba alijua. Si kweli. Ilikuwa ya ule wimbo wa ubatizo, kwa sababu Jumapili hiyo kulikuwa na mtoto wa kubatizwa. Uliimbwa kama alivyoupanga, safu ya juu na safu ya chini, na kanisa zima likatoa maneno yaleyale. Wanaotaka muujiza wauchukue huo.

Wale wazee wamekwisha kulala, mmoja baada ya mwingine. Amebaki mwashi, na kitabu cha zamani kimebaki kimoja. Vibao vyekundu hupangwa kila Jumamosi kwa ajili yake peke yake, na anayevipanga ni mwalimu wa kwaya, sasa mwenye mvi, ambaye huimba ubeti wa kwanza kabla ya kutundika. Anayetaka kuufuata mfano wa Bibi Namba asingoje maono. Aulize katika usharika wake ni nani anayesimama kimya wakati wenzake wanaimba, kisha Jumamosi amfuate huko aliko.