Muziki Uliorekodiwa kwa Mawe Yaliyochoka

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaa wa Kongo, Kawangware, waliniita keateka, mtunza ploti, ingawa kazi hiyo hakuna aliyenipa. Ni kwa sababu nilikuwa ndani kila mara. Watu walitoka asubuhi kutafuta vibarua wakaniacha hapo, wakarudi jioni wakanikuta, na aliyetaka kujua kama maji yamekuja au nani ameanua nguo zake aliniuliza mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na haraka ya kwenda popote. Nairobi ilinitosha kuisikia kupitia mabati.

Kwa hiyo mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, alipotafuta mahali pa kurekodi gitaa lake, alijua pa kunipata. Alikuwa seremala Kibera, na zamani, kule kwetu Magharibi, alipiga kwenye harusi za watu. Sasa alikuwa mgonjwa, ule ugonjwa ambao miaka hiyo hatukuutaja; tulisema tu kifua kinamsumbua. Shati lake mwenyewe lilimkaa kama la kuazima.

Nyanya, mama yake, alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja kumwona. Mjomba hakutaka.

"Akiniona hivi hatafika nyumbani akirudi," alisema. "Wacha asikie gitaa. Mtu anayepiga gitaa si mgonjwa."

"Si uimbe kidogo umsalimie?"

"Na hii sauti iliyokwisha? Unataka adhani ni wewe?"

Basi ukawa muziki bila maneno. Mimi nilikuwa na redio kaseti moja, ya pili tukaazima kwa jirani yangu fundi wa nguo, mama wa Kitui, aliyetupa kwa sharti kwamba tusimnase akigombana na bwana yake. Mjomba alipiga gitaa peke yake, redio ya kwanza ikarekodi. Kisha tukaicheza kaseti hiyo kwa sauti, yeye akapiga nyuzi nene juu yake, na redio ya pili, iliyokaa juu ya ndoo, ikameza vyote viwili. Tukarudia tena hivyo, safari hii nami nikigonga chupa ya soda kwa msumari, kama wanavyofanya kwetu nyuma ya gitaa. Hakuna kilichopangwa. Mtu alisikia nafasi akaingia. Kila tabaka liliongeza na mvumo wake, kama kuna mtu anakaanga samaki chumba cha pili, na mahali fulani ikaingia cherehani ya mama wa Kitui, ambayo kusema kweli ilishika mdundo kunishinda.

"Chupa yako imelewa," mjomba aliniambia.

"Inafuata gitaa."

"Basi gitaa ndilo limelewa. Rudia."

Lilikuwa linachelewa kweli. Vidole vyake vilihama kutoka uzi hadi uzi kama mtu anayevuka mtaro kwa ubao mwembamba. Na pale alipokohoa katikati, nilijifunza kupiga chupa kwa nguvu ili kikohozi kisisikike.

Chumba changu hakikuwa na stima. Tulitumia mawe ya redio, betri zile zile, na mawe hayo yalipochoka niliyaanika juani juu ya mabati, yakapata joto, tukayarudisha ndani tukaendelea. Ploti nzima ilifanya hivyo. Kutupa mawe baada ya kuchoka mara moja kulikuwa ni maringo.

Kaseti tulimpa makanga wa basi la kwetu ampelekee Nyanya. Alirudi akileta majibu, maana alikuwa amekaa kwa Nyanya akaona yote.

"Nyanya yako ameweka mawe mapya, ameita majirani," alinieleza. "Amecheza hiyo kitu mpaka kuku wakatoroka. Anasema mtoto wake amepona, anapiga haraka kuliko siku za harusi. Safari amevunja. Mtaonana Krismasi."

Nilielewa hapo hapo. Mawe yaliyochoka huzungusha mkanda polepole. Sisi tulirekodi kwa hayo na kusikiliza kwa hayo, hatukusikia kasoro. Lakini mkanda kama huo ukichezwa kwa mawe mapya, kila kitu kinakimbia. Mjomba alikuwa amefika kwa mama yake akiwa kijana.

Siku hizo hakuweza tena kutembea hadi kwangu, kwa hiyo nilifunga redio kwenye mfuko nikaenda Kibera mimi, safari iliyowafanya majirani waniulize kama nahama. Nilimkuta amelala. Nilimsimulia kama kichekesho, maana sina namna nyingine ya kusimulia. Alicheka mpaka nikamshika mgongo. Kisha akageuza macho mlangoni.

"Krismasi ni mbali," alisema.

"Si wewe ulitaka asije?"

"Nilisema asije." Akavuta blanketi. "Yule mama hajawahi kunisikiza hata siku moja. Nilijua nitamkataza na bado atakuja."

Niliitoa redio mfukoni nikaiweka kitandani.

"Nenda dukani," akaniambia. "Lete mawe mapya."

Niliporudi nilitia mawe, nikamwegemeza ukutani, nikampa gitaa na kuanza kurekodi. Nilipotoa chupa mfukoni, alitikisa kichwa. Akapiga peke yake, polepole. Akakatiza, akatafuta uzi, akaendelea, akakatiza tena. Treni ikapita huko nyuma, ikatikisa sufuria. Nilinyoosha mkono nizime redio.

"Wacha," alisema. "Asikie yote."

Alipokohoa, alikohoa sana, na mikono yangu ilikaa tu magotini.

Kaseti ilienda na basi, nami nikabaki Kibera na Mjomba. Basi lilipogeuza, Nyanya alikuwa ndani yake, na furushi lake. Wakati uliobaki ulikuwa mfupi kuliko tulivyodhani, lakini aliuwahi. Aliinama mlangoni, akaketi kitandani, akamshika Mjomba mguu kupitia blanketi. Muziki hakuna aliyeutaja.

"Umekula nini?" alimuuliza.

"Uji."

"Uji gani? Nani amepika?"

Wote wawili wakanitazama.